Usingizi wa 2020: tumbo, corona na karasha la usiku

Najua nimepotea kama wiki tatu hivi, mpaka wengine mkaanza kuulizana kama nimehama chuo. Sijahama. Ni mitihani tu, pamoja na bumu lililokata mapema, si mnajua tena mwisho wa semista unavyokuwa... mchana chai na andazi, usiku andazi bila chai.

Leo nilitaka kuandika habari za jirani zetu wanaokaanga dagaa ndani ya chumba saa tano usiku, lakini hiyo itasubiri. Kuna jambo limenigusa zaidi.

Mwenzangu ninayeishi naye chumba kimoja ni mjamzito, miezi saba sasa. Si siri, hapa wote wanamuona, na mwenyewe kaniruhusu nimseme. Usiku wa kuamkia jana naamka kama saa tisa, namkuta amekaa ukingoni mwa kitanda anajisugua miguu gizani. Nikamuuliza, "Vipi mdogo wangu, tumbo?" Akasema, "Hapana dada, miguu. Kama kuna sisimizi wanatembea ndani ya mfupa. Nikilala wanaanza, nikisimama wanaacha. Leo siku ya nne sijalala."

Jamani, nilikaa kimya. Maneno hayo hayo niliyasema mie mwaka 2020, na ilinichukua karibu miezi miwili kuyasema mbele ya mtu anayejua maana yake. Basi acheni nisimulie.

Wengi mnanijua kama mama wa yule binti anayekuja hapa likizo kuwasumbua, lakini hamjui alikuja vipi. Mwaka huo nilikuwa mwaka wa kwanza wa stashahada, hapa hapa Mwanza. Tarehe 16 Machi waziri wa afya wa wakati ule, Ummy Mwalimu, akatangaza mgonjwa wa kwanza wa corona nchini, mama Mtanzania aliyetua Kilimanjaro akitokea Ubelgiji. Kesho yake Waziri Mkuu Majaliwa akafunga shule zote, keshokutwa yake ikawa zamu ya vyuo. Tukaambiwa siku thelathini. Kila mtu akafunga begi la siku thelathini, mie nikafunga begi la siku thelathini na ujauzito wa wiki kumi na nne ambao hakuna aliyeujua isipokuwa mimi na baba yake, aliyekuwa Kakola kwenye mambo ya dhahabu.

Siku hizo tulikuwa tunavuka Kigongo kwa kivuko. Daraja lilikuwa ndio kwanza linajengwa, lilikuja kufunguliwa Juni 2025. Kile kivuko kilijaa wanafunzi, watu wamebanana, huyu akikohoa wote wanageuka. Na mie mwenye kichefuchefu changu! Nilitapika kwenye maji ya ziwa, watu wakanisogelea mbali kwa haraka ambayo sijaiona tena. Nadhani ndio siku pekee niliyopata nafasi ya kunyoosha miguu kwenye kivuko.

Nyumbani kwetu ni kijiji cha huku Nyang'hwale, kama nusu saa kwa bodaboda hadi Kharumwa. Kharumwa ndio makao makuu ya wilaya yetu, na kama hukuwahi kufika usitegemee mji mkubwa. Ni barabara, maduka, soko, ofisi za halmashauri, halafu pikipiki nyingi kuliko watu. Wilaya iko mkoa wa Geita tangu mkoa huo uanzishwe 2012, ila ukitazama nyuma yako uko Shinyanga tayari, Kahama si mbali, na mgodi wa Bulyanhulu uko upande ule. Kwa hiyo pamba na mahindi tunalima, lakini kila nyumba ina mtu mmoja aliye kwenye mashimo.

Mama alijua kabla sijamwambia. Alinitazama nikila embe bichi kwa chumvi, akaenda zake jikoni, akarudi na kusema, "Kesho kutwa twende kliniki." Basi. Hakuna kikao, hakuna kelele. Kelele zilikuja baadaye kutoka kwa wajomba, hizo naziruka.

Sasa dada yangu mkubwa alishanisimulia kliniki ilivyo. Mnafika asubuhi, mnabanana kwenye benchi wanawake thelathini, nesi anakuja na somo la siku ile, mnaimba kidogo, mnacheka, halafu ndio mnaingia mmoja mmoja kupimwa. Alisema nusu ya mambo aliyoyajua kuhusu mimba aliyapata kwenye benchi, siyo kwa nesi. Mwenzako anasema kiungulia kinanimaliza, mwingine anasema mie namung'unya hiki, mwingine anasema hata mimi, kumbe wote.

Mie nilikuta benchi lina alama za chaki, X moja huku na X nyingine kule. Getini ndoo ya maji yenye koki na sabuni. Barakoa lazima, ya kwangu Mama aliishona kwa kipande cha kitenge na lastiki ya soksi. Msindikizaji abaki nje, kwa hiyo Mama akabaki chini ya mti. Somo la asubuhi halikuwepo, maana ndio mkusanyiko wenyewe. Unaitwa, unapimwa presha, uzito, mkojo, damu ya kidole, VVU na kaswende, unameza SP ya malaria mbele ya nesi, unapewa vidonge vya kuongeza damu, chandarua, kadi, haya mama nenda, rudi baada ya mwezi. Sina lawama. Walifanya kazi yao na wao wenyewe walikuwa wanaogopa, uliliona kwenye macho juu ya barakoa. Lakini nilitoka pale sijaongea na mwanamke mwenzangu hata mmoja. Tulikuwa tunatazamana tu kama watu waliopanda basi la usiku.

Hiyo ilikuwa Aprili. Mwezi wa tano nilirudi mara moja nikachukua vidonge. Halafu sikurudi tena mpaka mwisho wa Julai.

Kwa nini? Nimejiuliza sana. Ukweli ni kwamba hakuna aliyenizuia. Zilikuwa tetesi. Eti ukifika wanakupima joto, ukikutwa na homa unapelekwa karantini hurudi. Eti sindano ya pepopunda siku hizi ina kitu ndani. Takwimu za serikali zilisimama mwisho wa Aprili kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na baada ya hapo kila mtu akawa na takwimu zake kwenye simu. Magrupu yalikuwa hayalali. Mwezi Juni Rais Magufuli akasema nchi haina corona, wengine wakafurahi wakavua barakoa, mie nikabaki katikati: kama haipo, ile ndoo getini ya nini? Na kama ipo, naenda kufanya nini kwenye chumba cha wagonjwa? Kwa mtu mwenye akili za usiku wa manane, yote mawili yalikuwa sababu ya kutokwenda.

Halafu tarehe 1 Juni vyuo vikafunguliwa. Wenzangu wakavuka kivuko kurudi, wananitumia picha wako Malimbe wanakula chipsi. Mie nikaandika barua ya kuahirisha mwaka, tumbo limeshachomoza, kalamu naazima kwa mdogo wangu wa darasa la sita. Nadhani usingizi uliondoka siku hiyo. Angalau mie niliamini hivyo, kwamba ni mawazo.

Usiku wa kijijini kwetu si wa kimya kama mnavyodhani watu wa mjini. Kuna karasha mita kama mia tatu kutoka kwetu, lile linalosaga mawe ya dhahabu. Genereta linanguruma, mawe yanagongana ndani, du du du, du du du, mpaka alfajiri. Toka utoto nimelala nalo, lilikuwa kama bembea. Mwaka huo likageuka adui. Nalala saa tatu, saa tano naamka kwenda kukojoa, narudi, kiungulia, nageuka ubavu, mtoto anaamka anaanza kurusha mateke kwa kufuata karasha (sitanii!), na mtoto akitulia, miguu inaanza. Sisimizi. Siyo maumivu, ningesema maumivu mngenielewa. Ni kama miguu ina safari yake na wewe unaichelewesha. Nikisimama nikatembea uani inaacha. Nikilala tu, inarudi.

Kwa hiyo nilikuwa natembea. Saa saba, saa nane, nazunguka mwembe na kanga mabegani, mbwa ananifuata mpaka akachoka yeye. Nikirudi ndani nafungulia redio kwa sauti ya chini, Radio Free Africa, nasikiliza mpaka betri zinaanza kuvuta maneno. Mchana nasinzia kwenye sinia la michembe. Nikipanda kamlima kidogo tu kwenda kisimani moyo unadunda kama nimefukuzwa. Nikasema ni uzito wa mimba. Kila kitu nilisema ni mimba au mawazo.

Dawa? Zilikuwa nyingi. Jirani alisema maji ya moto na asali. Shangazi akasema kuna mtu ananiwangia. Bibi yangu, Mungu amrehemu, yeye alikuwa na jibu moja kwa matatizo yote ya 2020: nyungu. Mwarobaini, mchaichai, majani ya mlimao na mkaratusi, chungu kinachemka, unafunikwa blanketi. Nikamwambia Bibi, mie na tumbo hili? Akasema, "Mayu, mvuke haujawahi kumuua mtu." Nikaingia. Nilihesabu kama hadi sitini hivi, kisha nikaona nyota, nikaangukia upande, nashukuru sikuangukia chungu. Mama aliposikia, alimwambia mama mkwe wake maneno ambayo sijawahi kumsikia akimwambia kabla wala baada. Bibi hakuongea naye siku mbili. Na mie nikapata jambo jipya la kunikosesha usingizi: nimemchemsha mtoto?

Ni hilo lililonirudisha kliniki. Nasema kweli, si busara. Ni hofu moja iliyoizidi hofu nyingine.

Mwisho wa Julai, wiki ya thelathini na mbili na siku kadhaa. Chaki zilishaanza kufutika kwenye benchi, watu wamekaa karibu karibu tena, ila ndoo bado ipo. Nesi alikuwa mwingine, mama wa makamo. Akafungua kadi yangu, akageuza ukurasa, akageuza tena kana kwamba kuna ukurasa umenata. "Juni ulikuwa wapi?" Nikanyamaza. Hakufoka. Ningependa angefoka. Akasema, "Haya, niambie kinachokusumbua." Nikaanza na nyungu. Akasikiliza, akapima mapigo ya mtoto kwa ile koni yake ya kusikilizia, akaniambia yupo, anapiga vizuri, ila joto kama lile si la mjamzito, usirudie hata akilazimisha nani. Nikalia kidogo. Halafu ndio nikasema na usingizi sipati, ni mawazo.

"Mawazo yanafanyaje?"

"Yananitembea miguuni."

Akaacha kuandika. "Yanatembeaje?" Nikamwambia sisimizi, mfupa, mwembe, mbwa. Akasema, "Mawazo hayatembei miguuni, mwanangu. Lete kidole."

Damu ilikuwa 8.1. Mjamzito anatakiwa asiwe chini ya 11, na ukishuka chini ya 7 ni hatari hasa, maana ukitokwa na damu wakati wa kujifungua huna akiba. Akaniuliza maswali ambayo leo nayajua kwa moyo. Vidonge vya damu uliacha lini? Mwezi wa tano. Chai unakunywa? Vikombe vinne, na chakula. Unakula udongo? Nikasema hapana, na wakati huo huo pemba zilikuwa zimefungwa kwenye pindo la kanga yangu. Akanyoosha mkono bila kusema. Nikafungua fundo nikampa.

Akanieleza pole pole. Madini ya chuma yakipungua mwilini, miguu hiyo isiyotulia usiku ni moja ya namna mwili unavyolalamika, na kwa wajawazito inatokea sana. Chai ukinywa na chakula inazuia chuma kuingia. Udongo nao unazuia, halafu unaweza kukuletea minyoo inayokunyonya kile kidogo ulichonacho. Malaria nayo inakula damu, na huku kwetu kanda ya ziwa malaria si mgeni, nilikuwa nimemeza SP mara moja tu wakati inatakiwa angalau mara tatu. Akanipima malaria, sikuwa nayo, akanipa SP nikameza pale pale, na dawa ya minyoo, na vidonge vya damu nimeze mara mbili kwa siku. Akasema nirudi kila baada ya wiki mbili. Baadaye nilikuja kusoma kwamba tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama aonwe mara nane badala ya zile nne za zamani. Mie nilikuwa nimeonwa mara mbili, na ya pili nilichukua vidonge nikakimbia.

Swali la mwisho lilinishangaza. "Mwenzako anafanya kazi gani?" Nikasema yuko Kakola, karasha. "Anachomea wapi dhahabu?" Nikasema akija kwetu huwa anachomea pale uani, jikoni kwa Mama. Akaweka kalamu chini kabisa. Wadau wa sehemu zenye mashimo mnajua, dhahabu inakamatwa kwa zebaki halafu inachomwa, zebaki inaondoka na moshi. Ule moshi ukiuvuta unapita mpaka kwa mtoto tumboni na unaharibu ubongo unaoumbwa. Kule Japani kuna mji unaitwa Minamata, kina mama walikula samaki wenye zebaki iliyomwagwa na kiwanda, wao wakiwa hawaumwi sana wakazaa watoto wenye ulemavu mkubwa. Mkataba wa dunia wa zebaki wa 2013 umepewa jina la mji huo. Sisi tulikuwa tunachomea kwenye jiko la kupikia uji.

Nilimpigia simu jioni ile ile. Alianza kubisha, eti baba yake kachoma miaka ishirini. Nikamwambia mimi si baba yako. Hakuchoma tena nyumbani, na nguo za kazini akawa anaziacha huko huko. Kama alikuwa anachomea kwa jirani, sijui na sitaki kujua... Hapana, nataka kujua, maana jirani naye alikuwa na watoto. Lakini kwa wakati ule sikuwaza jirani.

Usingizi haukurudi usiku ule. Nilimeza vidonge, kinyesi kikawa cheusi, tumbo likafunga, nikataka kuacha tena. Mama akawa ananisimamia kama mtoto, kidonge na maji ya machungwa, chai hakuna mpaka masaa mawili yapite. Pemba niliziota. Kulala nililala ubavu wa kushoto, kanga moja imeviringishwa chini ya tumbo na nyingine katikati ya magoti, simu nikampa mdogo wangu akae nayo saa mbili usiku mpaka asubuhi. Hilo la simu lilisaidia kuliko asali. Kama wiki ya tatu hivi nikaamka nikasikia jogoo, nikashtuka, nikadhani karasha limeharibika. Kumbe nililala nikalikosa.

Na ile siku ya wiki mbili mbili nikaanza kuongea na watu benchini. Mwanamke mmoja kutoka upande wa mashimo, mimba ya nne, aliniambia mimba ya tatu miguu ilimtembea hivyo hivyo akafikiri karogwa. Nilitamani nikutane naye Mei.

Tarehe 16 Septemba binti akazaliwa Kharumwa, kilo 2.9, damu yangu ilikuwa imefika 10.3. Nilitokwa na damu kuliko kawaida, wakanichoma sindano, wakanikanda tumbo, ikasimama. Mkunga alisema kwa kawaida tu, huku ananawa, kwamba kwa damu ile ya Julai leo tungekuwa njiani kwenda Geita na gari. Sikujibu. Namshika mtoto nahesabu vidole.

Siku zile hakuna aliyejua vizuri corona inamfanya nini mjamzito. Baadaye ilijulikana kuwa ikimpata miezi ya mwisho inaweza kumlaza vibaya kuliko mwanamke asiye na mimba, kwa hiyo kuogopa kwangu hakukuwa upuuzi. Chanjo ilikuja hapa kwetu 28 Julai 2021, Rais Samia akachanja mbele ya watu, na mie nilichanja mwaka huo huo mtoto yuko mgongoni. Kilichokuwa kinanimaliza mie 2020 hakikuwa corona lakini. Kilikuwa kwenye kidole changu muda wote.

Haya, turudi kwa mwenzangu. Nilimuuliza usiku ule ule, kliniki umeenda lini? Akasema anangoja mitihani iishe. Vidonge? Vinamtia kichefuchefu, viko kwenye droo. Nikafungua droo. Pembeni ya vidonge kulikuwa na kifuko cha nailoni, nikakinusa tu nikajua, nami nikanyoosha mkono bila kusema kitu.

Leo asubuhi tumeenda wote, nimekosa kipindi cha saa mbili (mliokaa mbele naombeni notsi). Damu yake ni 9.4. Kapewa dozi na tarehe ya kurudi, na benchi la leo lilikuwa limejaa hadi ukutani, wanacheka, mmoja anamwambia amejaribu ndimu kwa kichefuchefu. Tumerudi saa saba. Kameza kidonge chake, kalala chali, nikamgeuza ubavu. Mpaka naandika hapa bado kalala, na zamu ya kupika leo ni yake.